Ukienda makaburi ya zamani hapa Nairobi, enda na jina

Watu wengi hapa Nairobi ukitaja makaburi wanafikiria Lang'ata, juu huko ndio tumezika watu wetu na tunajua mpaka mahali pa kuegesha gari. Lakini huu mji uko na makaburi mengine ya zamani, unayapita kila siku ukiwa kwa matatu, na ndani yake kuna watu ambao familia zao ziko hapahapa Kenya na hazijawahi kufika. Ya kwetu ilichukua miaka sabini. Naandika hii kwa sababu kila nikimwambia mtu Jumamosi naenda makaburini ananiuliza unaenda kuona nini huko, alafu nikishamweleza ananiuliza, sasa mimi nikitaka kwenda naanzia wapi.

Anzia nyumbani, na uanze na jina. Makaburi ukiyaingia bila jina la mtu unayemtafuta unaona mawe tu, safu baada ya safu, dakika kumi umechoka unaanza kujipiga picha. Ukiwa na jina moja tu, hata la mtu asiye wa kwenu, unaanza kusoma. Unalinganisha miaka, unaona huyu alikufa wiki moja na yule, unajiuliza kulitokea nini hiyo wiki.

Kwa hivyo kaa na wazee kwanza. Uliza kama kuna mtu wa ukoo alienda vita akakosa kurudi. Wazee hawatakwambia King's African Rifles, lile jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, watakwambia fulani alikuwa Keya, na Keya ni zile herufi tatu za hilo jeshi venye zilitamkwa huku kwetu. Andika kila kitu, jina la babake, kijiji, mwaka hata kama ni wa kukisia, kama ni kabla ya njaa fulani au baada ya mtoto fulani kuzaliwa. Alafu ingia intaneti, tafuta orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Hii tume ilianzishwa 1917 na orodha yake ina watu kama milioni 1.7 wa vita vikuu viwili, kutafuta ni bure, hauhitaji kujisajili wala kulipa mtu. Ukipata jina utaonyeshwa kikosi, nambari ya askari, tarehe ya kufa, makaburi yenyewe, na mahali kamili ndani ya makaburi. Hiyo ya mwisho ndio muhimu zaidi, inakuwa na nambari ya sehemu, herufi ya safu na nambari ya kaburi, ama kama mtu hana kaburi, nambari ya safu ya majina ukutani. Iandike kwa karatasi, usitegemee simu peke yake.

Hapo kwa jina sasa ndio watu wengi hukata tamaa mapema. Majina yetu yaliandikwa na makarani ambao hawakujua lugha zetu, mtu anataja jina lake amesimama kwa laini, karani anaandika venye amesikia. Ng'ang'a inakuwa Nganga, L na R zinabadilishana, N na M za mwanzo zinapotea kabisa, jina la baba linakaa mahali pa jina la mtu, na wengine wana jina moja tu basi. Usiandike jina zima. Andika herufi nne za katikati uone kinachokuja, jaribu bila herufi ya kwanza, chuja na mwaka na kikosi. Mimi la kwetu nilipata mara ya sita ama ya saba.

Na kabla hujalipa nauli, angalia tena ni makaburi gani. Askari wetu wengi waliokufa upande wa Burma hawako Nairobi, makaburi yao na kuta zao za majina ziko hukohuko. Wengine wako Nyeri, wengine Nanyuki, wengine Voi na Taveta. Utahuzunika sana ukitembea siku nzima Ngong Road ukitafuta mtu ambaye yuko Taveta.

Haya, Ngong Road. Hapa ndio ningekushauri uanzie kama ni mara yako ya kwanza, kwa sababu ndio makaburi yaliyotunzwa vizuri zaidi na huwezi potea. Yanaitwa Nairobi War Cemetery, yako upande wa ule msitu na uwanja wa mbio za farasi. Panda 111 ya kwenda Ngong pale Railways, mwambie konda mapema akushushe makaburi ya vita, ukimwambia ukiwa umeshafika atakupitisha na utarudi kwa miguu. Hakuna kiingilio. Ukifika salimia wale wanaotunza bustani, "Habari ya kazi mzee, poleni na jua," alafu sema umekuja kumwona nani. Hawa watu wanajua hayo makaburi kuliko ramani yoyote, ukimsomea ile nambari uliyoandika anaweza kukupeleka mpaka kwa jiwe lenyewe.

Makaburi haya yalifunguliwa 1941. Huo mwaka Nairobi ilikuwa ndio makao ya jeshi la Mwingereza lililokuwa linapigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia. Wanajeshi walitoka Kenya mwezi wa pili wakaingia Mogadishu tarehe 25, na tarehe 6 Aprili walikuwa Addis Ababa. Ndani ya hilo jeshi kulikuwa na watu wa huku kwetu, wa Afrika Kusini, wa Nigeria, wa Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, na majeruhi wengi walirudishwa hospitali za Nairobi. Ndio maana ukitembea hapo unapata jiwe la Mkenya liko karibu na la kijana wa Afrika Kusini, na utamjua huyo wa Afrika Kusini kwa kichwa cha swala kilichochorwa juu ya jina. Kuna zaidi ya makaburi 1,900 ya vita vya pili.

Kusoma jiwe la vita ni rahisi ukishajua mpangilio. Juu kuna nembo ya kikosi. Chini yake nambari, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa na wakati mwingine umri. Alafu alama ya dini, msalaba, mwezi, ama nyota ya Daudi, na kama familia iliulizwa na ikajibu, chini kabisa kuna maneno yao. Angalia hiyo sehemu ya chini kwa makini. Utaona mawe ya vijana wa Uingereza yana mstari kutoka kwa mama, mengine yanauma sana, na utaona mawe mengi ya askari wetu hapo chini ni patupu. Si ati mama zao hawakuwa na la kusema.

Kuna swali watu huuliza wakiona mawe ya 1946 na 1947, ati vita si viliisha 1945? Viliisha, lakini hii tume inahesabu mtu wa vita vya pili mpaka tarehe 31 Desemba 1947, na wa vita vya kwanza mpaka tarehe 31 Agosti 1921, kwa sababu watu waliendelea kufa na majeraha na magonjwa na ajali wakiwa bado wamevaa nguo za kazi. Na cheo hakibadilishi ukubwa wa jiwe, ofisa na mpishi wa jeshi wanapewa sawa. Hiyo mimi huipenda.

Sasa ukimaliza mawe usitoke. Hilo ndio kosa nililofanya mara ya kwanza na sitaki ulifanye. Nilienda bila kusoma vizuri, nikatembea masaa mawili nikisoma jiwe moja moja, nikarudi nyumbani nikamwambia mama hayuko. Kumbe mtu wetu hakuwa na jiwe. Mtu ambaye mwili wake haukupatikana jina lake linawekwa ukutani, na hapohapo ndani kuna ukumbusho unaoitwa East Africa Memorial, wenye majina ya walioenda vita wakakosa kaburi.

Susu wangu, nyanya mzaa mama, alikuwa akisema kaka yake alimezwa na bahari. Sisi tukiwa watoto tulidhani ni hadithi tu, Ukambani bahari itoke wapi. Lakini tarehe 12 Februari 1944 kuna meli ya askari ilikuwa inaitwa Khedive Ismail, ilitoka Mombasa na msafara wa meli zingine ikielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, imebeba watu zaidi ya 1,500. Ndani mlikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, kile cha 301, na pia manesi na mabaharia. Ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache sana. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Ni moja ya hasara kubwa kabisa za meli kwa upande wa Mwingereza vita vile vyote, na ukiuliza kumi barabarani Nairobi leo sijui kama utapata mmoja aliyesikia. Wale vijana wa mizinga ndio wako kwa ile safu ya majina Ngong Road.

Tulienda na mama 2014. Nilikuwa na ile karatasi yenye nambari ya safu, tukaanza juu tukishuka, mama amevaa miwani ya kusoma na hata hivyo anarudia kila jina kwa sauti ndogo. Alipofika kwa mjomba wake akanyamaza. Karani alikuwa ameacha ile N ya mwanzo. Mama hakunyoosha kidole, sisi tulikuzwa tukiambiwa ukinyooshea kaburi kidole kinaoza, akakunja ngumi akaweka vifundo vya mkono chini ya jina akavuta polepole mpaka herufi ya mwisho, akachukua pembe ya leso yake akapangusa vumbi, akasema, "Mjomba, tumekuja. Susu alikungoja sana." Mzee mmoja wa pale alikuwa anamwagilia maua karibu, alizima maji akaenda kusimama mbali kidogo.

Kama mtu wako jina lake limekosewa, piga picha vizuri, tafuta kitambulisho cha familia ama barua yoyote ya zamani yenye jina sahihi, na uandikie hiyo tume, wanapokea maombi ya kurekebisha na huwa wanataka ushahidi wa maandishi. Neno la familia peke yake halitoshi, kwa hivyo zile karatasi ziko kwa kibeti cha nyanya zitunze.

Kuhusu picha. Saa sita ya mchana herufi hazionekani kwa simu, mwanga unapiga wima na jiwe linakuwa jeupe tupu. Enda saa mbili ama saa tatu asubuhi, ama baada ya saa kumi, mwanga ukija kwa upande herufi zinajaa kivuli na unasoma hata zilizofifia. Kama lazima uende mchana, simama kando, shika kitu chenye kivuli karibu na jiwe uone. Usipake chaki, usipake unga, usisugue na waya wala sabuni ya chooni, watu wanafanya hivyo wakidhani wanasaidia na jiwe linaisha. Maji safi kidogo na kitambaa laini basi. Na piga picha mbili za kila jiwe, moja ya karibu ya kusoma na moja ya mbali inayoonyesha jiwe liko wapi, utanishukuru ukirudi tena baada ya mwaka.

Kutoka Ngong Road nenda sasa kwa yale ambayo watu hawayajui kabisa, Nairobi South Cemetery, kando ya Uhuru Highway ukielekea Bunyala Road. Magari yanapita hapo usiku na mchana, na tangu 2022 kuna ile barabara ya juu ya kulipia, kwa hivyo usitarajie utulivu kama wa Ngong Road. Ni pa zamani zaidi, Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli. Hapa ndio wako watu wa vita vya kwanza, 1914 mpaka 1918, na kuna ukumbusho wa askari wa Uingereza na wa India ambao hawana kaburi linalojulikana, majina zaidi ya elfu moja. Ukiona majina ya Kihindi ni mengi ukutani na mawe yao ni machache usishangae, Wahindu na Masingasinga walichomwa kwa mila yao. Utaona pia tarehe za baada ya 11 Novemba 1918. Huku kwetu vita havikuisha hiyo siku, von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, Mbala ya Zambia leo, na ile homa kubwa ya mafua ilikuwa inaua watu kambini wakati huohuo.

Sasa simama kwa hayo majina alafu tafuta jina la mpagazi. Hautalipata. Tafuta la askari mwafrika wa Keya wa vile vita. Wale watu ambao walibeba risasi na unga na machela kutoka Voi mpaka Msumbiji, wakafa makumi ya maelfu kwa kuhara damu na malaria na njaa kuliko hata risasi, hawakuandikwa majina mawe wala ukuta. Wakati huo wakubwa waliamua wakumbukwe kwa jumla. Mwaka wa 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikikubali kwamba watu si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na ikaomba msamaha. Kwa hivyo kama babu wa babu yako alienda Kariako, yaani kikosi cha wapagazi, na hakurudi, na haumpati kwa orodha, usifikiri familia yenu ilidanganya.

Wapagazi enda uwaone Kenyatta Avenue. Zile sanamu tatu za shaba unazopita ukikimbilia matatu ni ukumbusho wao, ziliwekwa 1928, mmoja wao ni mpagazi, na chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Simama usome yale ya Kiswahili, ni ya zamani na yanasomeka, yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapiga picha wa hapo watakuita, waambie unasoma kwanza. Na ukishasoma fikiria soko la Kariokor, na lile la Kariakoo Dar es Salaam, yote mawili yalichukua jina kutoka Carrier Corps, hicho kikosi cha wapagazi. Majina ya watu yalipotea, la kikosi tunalitaja kila siku tukienda kula nyama.

Kama bado una nguvu siku hiyo, kutoka South Cemetery mpaka makumbusho ya reli ni karibu, huko kuna kiingilio kidogo. Mle ndani kuna behewa ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alivutwa na simba kupitia dirishani pale stesheni ya Kima mwezi wa sita 1900 akiwa amelala akimvizia huyohuyo simba. Mwili ulipatikana ukaletwa Nairobi kuzikwa. Watoto wanapenda hiyo.

City Park ni siku yake nyingine, usiichanganye na Ngong Road. Panda matatu za Limuru Road, zile za Ruaka na Banana, ushukie karibu na soko la City Park ama hospitali ya Aga Khan, bustani iko hapo. Ndani kuna makaburi ya zamani yenye Wagoa wengi, watu wa asili ya Goa huko India, na mmoja wao ni Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi 1927, akafungwa na mkoloni kwa kusaidia wapiganaji wa uhuru, na tarehe 24 Februari 1965 akapigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, mtoto wake akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Kaburi lake ni la kawaida, ukiwa haujui unaweza lipita, kwa hivyo uliza.

Alafu tembea mpaka kwa Joseph Murumbi. Murumbi ndiye alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya, 1966, hakukaa mwaka akajiuzulu, na alikuwa rafiki mkubwa wa Pinto. Alifariki 1990 na alitaka azikwe karibu na rafiki yake, ndio maana mtu wa cheo kama hicho yuko City Park. Mke wake Sheila yuko naye. Bustani yao ina sanamu kubwa za mawe na mbao za wasanii wa Afrika mashariki, nenda nyuma ya kila moja, zinabadilika ukizizunguka, na mkusanyiko wao mwingine wa sanaa uko pale makavazi ya taifa Moi Avenue, siku nyingine pitia uone. Mimi hukaa kwa Murumbi kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Unatoka kwa rafiki unaenda kwa rafiki, na unatembea dakika chache tu.

Huko City Park chunga vitu viwili. Kima ni wengi na wamezoea watu, wakiona karatasi ya njugu ama ndizi watakurukia kwa mkoba, beba chakula kimefungwa ama usibebe. Na pande za ndani zenye miti minene usiende peke yako, enda na mwenzako, enda mchana, simu isikae mkononi muda wote. Si kukutisha, watu hukaa huko na familia Jumapili vizuri sana, lakini upande wa makaburi huwa hauna watu.

Yale ya Forest Road, barabara ambayo sasa inaitwa Wangari Maathai Road, yanataka uvumilivu. Ni ya wakati wa ukoloni, nyasi hurefuka baada ya mvua, na mawe mengine yameanguka uso chini. Usijaribu kuinua jiwe lililoanguka, ni zito na likivunjika umemaliza jina la mtu. Kama unaona mawe madogomadogo yamewekwa juu ya kaburi la Myahudi usiyaondoe, ni alama kwamba kuna mtu alikuja. Profesa Wangari mwenyewe hakuzikwa, alichomwa pale Kariokor 2011 kwa sababu hakutaka mti ukatwe wa kumtengenezea jeneza.

Kuna mmoja ambaye watu huniuliza kila mara, na huyo sina pa kukupeleka. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akazikwa hukohuko gerezani bila alama, na familia yake ilitafuta kaburi kwa miaka na miaka. Ukitaka kumsalimia kuna sanamu yake Kimathi Street, tangu 2007.

Lang'ata nayo ina sehemu za zamani, ilianza mwisho wa miaka ya hamsini, lakini kumbuka ni mahali watu wanazika leo. Ukikuta mazishi yanaendelea simama, toa kofia, ngoja wapite, usitoe simu hata kama ni ya kupiga jiwe lingine, kwa sababu aliyefiwa hajui unapiga nini. Vaa nguo ya heshima. Ukikaribia kaburi la Mwislamu usipite juu wala usikalie ukingo, na hiyo kusema kweli ni ya makaburi yote.

Vya kubeba si vingi. Kofia, maji, kitambaa, kalamu na ile karatasi yako. Viatu vya kufunika mguu, miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba, udongo mweusi wa upande wa South Cemetery unashika kiatu mpaka unakivua, na kwa nyasi ndefu piga miguu chini ukitembea nyoka asikie. Sarafu kidogo ya kumtoa chai mtu akikusaidia kwa moyo, lakini usimpe mtu anayekwambia getini ati lazima ulipe kuona jiwe la wa kwenu. Nilishalipa hivyo mahali fulani na baadaye nikaambiwa hakuna ada kama hiyo. Ukiambiwa ulipe, omba risiti kwanza.

Ukitaka kuona Ngong Road ikiwa imejaa, enda Novemba, Jumapili ya ukumbusho, huwa kuna ibada na mabalozi na wanajeshi na maua mekundu, na wazee waliokuwa Keya wamekuwa wakija na medali zao, siku hizi wamebaki wachache sana. Ukimpata mmoja amekaa, msalimie, mletee maji, muulize alikuwa kikosi gani alafu umsikilize.

Sisi ya kwetu huenda mwezi wa pili, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 12. Tunapanda 111 ya saa mbili ili tuwahi ule mwanga wa asubuhi. Mama siku hizi magoti yanamsumbua kwa hivyo tunabeba kiti kidogo cha kukunja, anakaa mbele ya safu, anasoma ile yote kutoka juu mpaka chini, na akifika kwa mjomba wake anaisema na ile N.